Maswali ya Jukwaani: Wanawake Saba na Rais Asiye na Mstari

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu POTUS, futuhi ya kisiasa ya Mmarekani Selina Fillinger iliyofunguliwa Aprili 2022 katika ukumbi wa Shubert, Broadway, jijini New York, ikiongozwa na Susan Stroman. Tumechagua zile zenye jambo la kufanyia kazi.

SWALI: Nimeisikia kwa jina tu. Inahusu nini, na kwa nini mnaiita futuhi wakati kwangu inaonekana ni kichekesho kama vile vya televisheni? (Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, Dodoma)

JIBU: POTUS ni kifupi cha cheo cha Rais wa Marekani. Jina refu la tamthilia linasema, tukilistaarabisha kidogo, kwamba nyuma ya kila mpumbavu mkubwa wako wanawake saba wanaohangaika asife. Ni siku moja Ikulu ya Washington. Asubuhi rais amemtukana mkewe mbele za watu kwa tusi lisilochapika hapa, na siku nzima iliyobaki wanawake wanazima moto. Harriet ni mkuu wa watumishi wa Ikulu, Jean ni msemaji, Stephanie ni katibu muhtasi, Margaret ni mke wa rais, Chris ni mwandishi wa habari ambaye bado ananyonyesha na anakamua maziwa huku akiwinda habari. Bernadette ni dada wa rais, muuza dawa za kulevya aliyetoka gerezani na kifaa cha kumfuatilia kifundoni. Wa saba ni Dusty, msichana mjamzito, na mimba ni ya rais. Rais mwenyewe hana mstari hata mmoja, wala hatumwoni uso.

Kichekesho cha kawaida unaweza kukinyofoa kipande kimoja na kilichobaki kikasimama. Katika futuhi kila suluhisho linazaa tatizo baya zaidi, na tatizo hilo linamkuta mtu aliyekuwa bado anaficha lile la kwanza. Ukikata dakika tatu za katikati kwa sababu onyesho ni refu, vurugu ya mwisho itakosa sababu, na watazamaji wataona watu wazima wanaokimbia ovyo.

SWALI: Mwalimu wetu anasema tamthilia ya wanawake peke yao jukwaani ni jambo la tangu Wagiriki. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nusu kweli. Lysistrata ya Aristophanes, ya mwaka 411 kabla ya Kristo, ina wanawake wanaowanyima waume zao unyumba mpaka vita viishe, lakini walioicheza Athene walikuwa wanaume waliovaa barakoa. Wazo lenyewe limeishi: Kenya mwaka 2009, muungano wa mashirika ya wanawake uliitisha mgomo wa unyumba wa wiki moja kuwasukuma Rais Kibaki na Waziri Mkuu Odinga wapatane.

Babu wa karibu zaidi, au tuseme bibi, ni The Women ya Clare Boothe Luce, iliyofunguliwa Broadway Desemba 1936 na kuchezwa mara 657. Wanawake tu jukwaani, wanaume wanasemwa bila kuonekana. Ila mle wanawake wanachinjana kwa ajili ya mume, na ukicheka unamcheka mwanamke. Fillinger amechukua umbo lile lile akageuza mwelekeo wa kicheko. Tofauti hiyo ishikeni, maana maswali mengine yote ya leo yanaiangukia.

SWALI: Kundi letu lina mchekeshaji mwanaume anayejaza ukumbi. Tukimpa nafasi ya rais, apite mara mbili tu bila kusema neno, kuna ubaya? (Mwenyekiti wa kikundi, Kisumu)

JIBU: Upo. Orodha ya wahusika ina wanawake saba, na mkataba wa haki za kuigiza haukuruhusu kuongeza wa nane. Tuseme ungeruhusu: mchekeshaji mashuhuri akipita mara moja, ukumbi utaanza kumngoja arudi, na kila mwanamke atakayeongea baada ya hapo ataonekana anapoteza muda. Nguvu ya rais huyu ni kwamba kila mtazamaji anamjaza sura ya kiongozi anayemjua mwenyewe. Mpe sura, umemfanya mtu mmoja.

Kama mwongozaji anaona lazima mwili uonekane, miguu ya bandia inatosha: suruali nyeusi iliyojazwa vipande vya sponji, viatu vimeshonewa kwenye pindo, na gunia la kilo 5 la mchanga ndani ya kila paja ili wanaoburuta waburute kweli. Miguu myepesi hunyanyuka kwa mkono mmoja, mzaha ukafia hapo.

SWALI: Ukumbi wetu wa parokia una jukwaa la mita 8 kwa 5, na bajeti ni ya mbao tu. Ofisi na kumbi na vyumba vyote hivyo tutavipata wapi? (Mwalimu wa tamthilia, Mombasa)

JIBU: Broadway, mbunifu wa jukwaa Beowulf Boritt alitumia jukwaa la kuzunguka, vyumba vikipishana mbele ya macho ya watu, na kazi hiyo ikateuliwa kuwania tuzo ya Tony, tuzo kuu ya maonyesho ya Broadway. Msiige hilo. Sahani ya kuzunguka ya kipenyo cha mita 4 itameza kina chote mlicho nacho, na mtahitaji magurudumu karibu 30 yaliyofungwa yote yakifuata duara. Moja tu likielekea pembeni, sahani inakwaruza na kukwama. Tena chini yake panahitaji sakafu iliyonyooka, na sakafu za kumbi nyingi zetu zina mabonde.

Jengeni nguzo tatu za pembetatu na milango minne. Kila uso wa nguzo ni shiti nzima ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, yaani takriban mita 1.2 kwa 2.4, milimita 6 zinatosha juu ya fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2. Nguzo tatu ni shiti tisa. Uso wa kwanza upakeni rangi ya ofisi, wa pili ukumbi wa sherehe, wa tatu ukanda wa msalani, ambako mambo mengi ya aibu hutokea. Nguzo ikizunguka inahitaji duara la mita 1.4, kwa hiyo tatu zinakula mita 4.2. Milango minne ya sentimita 80 inakula 3.2. Zinabaki sentimita 60 za fremu, na mapengo mazibe kwa kitambaa cheusi nyuma.

Kila nguzo ikae juu ya magurudumu matatu, na bomba la chuma la katikati liingie kwenye bomba pana kidogo lililofungwa sakafuni, ndipo itazunguka pale pale bila kutangatanga. Komeo la chini liingie kwenye tundu la sakafu, na gunia la mchanga la kilo 20 likae ndani. Bila hilo, mlango wa jirani ukibamizwa, Ikulu nzima inatetemeka, na watu wanacheka mahali ambapo hamkuwaomba.

Milango ndiyo mtakayoijutia mkiifanya vibaya. Bawaba zikae upande ulio mbali na watazamaji, na mlango ufungukie nje ya eneo la kuigizia. Hivyo bao la mlango linaficha nyuma ya jukwaa na mwigizaji anaonekana mzima mara moja. Ondoeni vitasa vya ufunguo kabisa. Wekeni sumaku mbili za kabati, juu na chini, kwa sababu moja peke yake itaachia mlango ukibamizwa, nao utarudi polepole kumwonyesha Margaret akibadilisha nguo. Fremu ishikwe nyuma kwa mhimili wa pembetatu wenye uzito wa kilo 20 kila mmoja. Njia ya nyuma isiwe chini ya sentimita 90 kwa upana, na kanuni iwe moja: kila mtu apite kulia. Wanawake saba gizani bila kanuni hiyo watagongana usiku wa kwanza.

SWALI: Tuko wiki ya tatu ya mazoezi. Mwongozaji anapiga makofi, "Kasi! Kasi!", na sisi tunapaza sauti mpaka makoo yamekauka. Bado haichekeshi. (Waigizaji wanne, Dar es Salaam)

JIBU: Dada zetu, mpeni mwongozaji maji anywe, kisha rudini mezani jioni moja. Kelele ni dalili kwamba mwigizaji hajui anataka nini. Kila mmoja aandike pembeni ya kila ukurasa mambo mawili: ninataka nini sasa hivi kutoka kwa huyu aliye mbele yangu, na nitapatwa na nini nikikikosa ndani ya dakika tano. Jean anayetaka mwandishi wa habari atoke kabla mlango wa kushoto haujafunguka hana haja ya kupiga ukelele; mwili wake wenyewe utajipenyeza kati ya Chris na mlango. Hapo ndipo watu wanacheka, na hapo ndipo tamthilia inapotetea wanawake pia, kwa sababu tunamwona mtu mwenye akili akifanya kazi isiyowezekana.

Kasi yenyewe inakaa kwenye mshono kati ya mstari na mstari. Maneno yasemwe kwa mwendo wa mtu mwenye haraka, kila silabi ikisikika. Kinachofutwa ni ile pumzi ya kabla ya kujibu. Anayejibu avute pumzi mwenzake akiwa bado anasema.

Mara mbili kwa wiki fanyeni mkimbio: kaeni chini, semeni sehemu nzima bila hisia wala miondoko, haraka kadiri ulimi unavyoweza, mtu mmoja akishika saa. Sehemu ya dakika 50 inaweza kushuka hadi 35. Mahali mnapokwama pawekeeni alama. Mara nyingi mtagundua kwamba maneno hamjayasahau. Kilichopotea ni sababu ya kuyasema.

Kuhusu vicheko: kicheko hupanda, hufika kileleni, huanza kushuka. Mstari unaofuata uingie kinaposhuka, kabla ukumbi haujanyamaza. Mkisubiri kimya kamili, mnaanza kupanda mlima upya kila mara. Wakati wa kusubiri, mwigizaji asigande kama picha, na asitabasamu kamwe. Aendelee kutafuta faili, kufunga kifungo, kusikiliza mlangoni. Kicheko kisipokuja mahali mlipokizoea, piteni. Kumsubirisha mtazamaji asiyecheka ni kumdai deni.

Ratiba inayobeba kazi hii ni wiki 6, jioni 4 kwa wiki, saa 3 kila jioni, yaani saa 72. Wiki ya kwanza ni mezani. Mwanzo wa wiki ya tatu milango halisi iwe imesimama, hata kama haina rangi. Aliyezoea kiti badala ya mlango hupoteza sekunde moja kila anapoingia, na sekunde moja mara milango sitini ni dakika nzima ya ukumbi kukaa kimya. Mko wiki ya tatu, kwa hiyo swali letu kwenu: milango iko wapi?

SWALI: Sanamu inayorushwa tuitengeneze kwa nini? Ya plasta ilivunja kioo cha dirisha. (Fundi wa vifaa, Arusha)

JIBU: Ashukuriwe Mungu ilikuwa kioo tu. Ni sanamu ya kichwa na mabega ya Alice Paul, aliyeongoza wanawake kusimama na mabango nje ya Ikulu ya Marekani mwaka 1917 wakidai kura, na aliyeandika rasimu ya kwanza ya kipengele cha katiba cha usawa mwaka 1923. Inapompata rais kichwani, mzaha una uzito kwa anayemjua Alice Paul ni nani, basi wawekeeni watazamaji sentensi moja kwenye karatasi ya ratiba.

Mnahitaji mbili. Ya kwanza ni ya plasta, imefungwa kwa skrubu kwenye kibao chake. Inakaa jukwaani tangu mwanzo na hakuna anayeinyanyua. Kabla ya tukio, taa zikibadilika, nguzo inazungushwa na kibao kinapishana na kingine kama hicho chenye sanamu ya pili. Hii ya pili ni ya sponji ya godoro, urefu sentimita 35 hivi, imechongwa kwa kisu cha mkate. Katikati toboeni shimo, ingizeni kifuko cha mchanga wa gramu 200, zibeni kwa sponji. Bila mchanga huo sanamu inayumba hewani kama unyoya na uongo unaonekana mpaka safu ya mwisho. Juu yake bandikeni tabaka mbili za kitambaa cha shashi kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kila tabaka likauke usiku mzima. Msitumie karatasi, hupasuka siku ya pili. Pakeni rangi nyeupe ya ukutani, kisha mishipa ya kijivu kwa ncha ya unyoya ikiwa bado mbichi.

Uzito uliobaki ni wa mwigizaji. Apige magoti nusu, ashike kwa mikono miwili, mgongo ukaze, na mguu mmoja urudi nyuma kabla ya kurusha. Arushe kutoka chini kwenda juu, kuelekea nje kupitia mlango ulio wazi, wala si upande wa watazamaji hata kwa utani. Nyuma ya mlango awepo mtu na blanketi lililotandazwa juu ya godoro. Mlio wa kugonga upigwe na msimamizi wa jukwaa: nazi kavu moja juu ya ubao mnene, nusu sekunde baada ya sanamu kupotea machoni. Ukija mapema, kila mtu anajua.

SWALI: Damu na matapishi ya bluu vinaharibu maleba. Tuna seti moja tu ya nguo. (Mshonaji wa kikundi, Nairobi)

JIBU: Damu ya nguoni: mililita 250 za sharubati nzito ya sukari, kijiko kimoja cha chai cha rangi nyekundu ya chakula, nusu kijiko cha kakao ili isiwe nyekundu ya pipi, na kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo. Sabuni ndiyo inayofanya rangi itoke ukiosha mara moja kwa maji baridi. Maji ya moto huishikisha rangi. Damu itakayogusa mdomo isiwekwe sabuni, na ikae kwenye chupa yenye alama ambayo hata gizani haiwezi kuchanganywa, kwa mfano mpira uliozungushwa shingoni.

Matapishi ya Dusty: chemsheni maji mililita 250 na kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi mpaka yawe uji mwepesi, yapoe, tieni rangi ya bluu ya chakula matone machache. Yatengenezwe siku ile ile, maana yakilala yanachacha. Mwigizaji ayachukue mdomoni kutoka kwenye kikombe chake cha kinywaji akiwa ameupa ukumbi mgongo. Rangi ya bluu hukaa kwenye meno kwa saa kadhaa, jambo ambalo Dusty linamfaa kabisa.

Jaribuni kila mchanganyiko kwenye pindo la ndani la nguo kabla ya kushona. Polyester huachia rangi kuliko pamba. Na sakafu ifutwe kwenye mapumziko, kila siku, na mtu mmoja aliyetajwa jina kwenye orodha. Kazi ya "wote" haifanywi na yeyote.

SWALI: Mimi ni Stephanie. Mwongozaji, ambaye ni mwanaume, anataka nimcheze kama mjinga mwenye sauti ya kitoto na matako ya kutikisa. Nakataaje bila kufukuzwa? (Mwigizaji, Kampala)

JIBU: Dada, mjibu kwa kazi. Mwombe mjaribu tukio moja kwa njia mbili na mlirekodi kwa simu. Njia yake kwanza. Kisha yako: Stephanie ni mtu mwenye hofu ya kweli, katika ofisi ambapo kosa dogo linaweza kumfukuzisha, na anajitahidi kupita kiasi kufanya vizuri. Baadaye, anapomeza dawa za Bernadette bila kujua na kuanza kuona yasiyokuwepo, kicheko kinatokana na umbali kati ya yule mwangalifu na huyu aliyefunguka. Ukianza na ujinga huna pa kwenda. Mtazamaji ameshakucheka dakika ya tano na huna kipya cha kumpa. Broadway nafasi hii ilichezwa na Rachel Dratch, na ilimpatia uteuzi wa tuzo ya Tony. Julie White, aliyecheza Harriet, aliteuliwa pia.

Mwongozaji akisisitiza baada ya kuona video, angalau mmejua wote mnabishania nini.

SWALI: Tunaweza kuitafsiri kwa Kiswahili na kupunguza matusi? (Walimu wawili, Tanga)

JIBU: Bila ruhusa ya maandishi, hapana kwa yote mawili. Mwandishi yu hai na haki ni zake. Ruhusa ya kuigiza ni moja, ya kutafsiri ni nyingine, na kubadili mistari ni ya tatu. Andikeni miezi mitatu mapema mkitaja ukumbi, idadi ya viti, bei ya tiketi na tarehe, kwa sababu ada hukadiriwa kwa hayo. Kwa upande wa serikali, Tanzania kibali kinapitia BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Kenya ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Na kwa wanafunzi wa sekondari tamthilia hii haifai, matusi yapunguzwe yasipunguzwe.

Ushauri wetu ni mwandike yenu. Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982, ni shule tosha: wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kusimamisha nguzo na kila mara kitu kinawavuruga. Umbo hilo la kazi moja inayoshindikana mara kwa mara ndilo uti wa futuhi yoyote. Jueni tu kwamba siasa jukwaani ina bei. Nchini Kenya, wasichana wa shule ya sekondari ya Butere walipigiwa marufuku igizo lao mwaka 2013 mpaka Mahakama Kuu ikaingilia, na Aprili 2025, huko Nakuru, polisi walifyatua mabomu ya machozi wakati wa sakata la igizo lao jingine. Wasichana waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani. Kibali mkipewa, kitunzeni nakala mbili, moja iwe mkononi mwa msimamizi wa mlango.

SWALI: Viatu vya visigino virefu jukwaani, ndiyo au hapana? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Ndiyo, kwa kisigino kisichozidi sentimita 5 na kipana, chenye mkanda wa kifundoni. Chini bandikeni mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli, kwa gundi ya fundi viatu, na muukwaruze kwa msasa kwanza ili gundi ishike. Waigizaji wavivae tangu wiki ya pili. Wanaoanguka makusudi wavae pedi nyembamba za magoti chini ya suruali, na mianguko yote irudiwe taratibu dakika 20 kabla ya kila onyesho, hata lile la kumi.